Gramu 45: Mhadhara kwa Wakaazi wa Mbotela kuhusu Betri za Tochi



Nimeombwa nizungumzie betri za lithiamu zinazotiwa kwenye tochi ndogo: zipi zina nguvu, zipi ni salama, na mtu wa kawaida atazitambuaje akiwa amesimama mbele ya kibanda huku muuzaji ana haraka. Nitasema mapema ninakoelekea, ili asiyeweza kukaa hadi mwisho aondoke na kitu. Maandishi yaliyo kwenye ganda la betri si ushahidi. Ushahidi ni uzito wake, volti zake, na jina la yule atakayeulizwa ikilipuka.

Waliokulia mtaani huu zamani wanaikumbuka tochi ya bati, ya mawe mawili au matatu makubwa. Mengi ya mawe hayo yalitoka Nakuru, kwenye kiwanda cha Eveready kilichoanza mwaka 1967, yakiwa na picha ya paka. Kiwanda hicho kilifungwa mwaka 2014 baada ya kulemewa na betri za bei ya chini kutoka nje. Mawe yale yalikuwa na kasoro zake. Yalififia polepole, yakavuja, yakaitia kutu springi ya tochi, na watu wakayaanika juani wakitumaini yatafufuka. Lakini sijapata kusikia nyumba iliyoungua kwa sababu jiwe la tochi lilisahauliwa mezani.

Kisha ikaja simu. Nokia 1100, iliyotoka mwaka 2003, ilikuwa na taa ndogo utosini, na Wakenya wakaibatiza mulika mwizi, jina lilelile tunaloziita zile taa ndefu zinazosimama katikati ya mitaa ya Eastlands. Kwa wengi wetu, hiyo ndiyo tochi ya kwanza ya lithiamu tuliyowahi kushika, ingawa hakuna aliyeifikiria hivyo. Betri yake, BL-5C, ingali inauzwa mpaka leo, na utaikuta ndani ya redio ndogo za mfukoni na spika za kubeba.

Mwezi wa Agosti 2007 Nokia ilitangaza kwamba betri milioni 46 za BL-5C, zilizotengenezwa na kampuni ya Matsushita ya Japani kati ya Desemba 2005 na Novemba 2006, zingeweza kupata shoti ndani kwa ndani na kupata joto kali zikiwa kwenye chaja. Wenye simu wakaambiwa wasome namba iliyo mgongoni mwa betri, na aliyekutwa na mojawapo ya hizo akabadilishiwa bila malipo. Siwasimulii haya ili muogope simu zenu. Kosa lilitoka kwa kampuni kubwa yenye wahandisi na maabara, sawa, lakini ilijulikana ni kiwanda kipi, ni miezi ipi na ni namba zipi. Betri feki nayo hupata shoti. Tofauti ni kwamba hiyo haina wa kukutafuta akuonye, wala wa kukulipa.

Ndani ya seli ya lithiamu mna karatasi mbili ndefu za madini, moja ya shaba iliyopakwa grafiti, nyingine ya alumini iliyopakwa oksidi yenye lithiamu, na kati yake utando mwembamba wa plastiki wenye vitundu visivyoonekana kwa macho. Vyote huviringishwa pamoja, vikatiwa ndani ya kopo la chuma, kisha vikamiminiwa kimiminika kinachoshika moto upesi. Sony ndiyo iliyoanza kuziuza, mwaka 1991, na mwaka 2019 John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia kwa kazi iliyozizaa. Utando ule ndio unaowalinda. Ukitobolewa, ukichanika au ukiyeyuka, na huyeyuka karibu na nyuzi 130 za Selsiasi, pande mbili hukutana, joto hupanda, na joto hilo huzaa joto jingine. Ikifika hapo hakuna swichi ya kuizima.

Sasa tuje kwenye kununua. Seli inayotumika sana katika tochi zetu huitwa 18650: kipenyo chake milimita 18, urefu milimita 65, na sufuri ya mwisho huonyesha kwamba umbo lake ni la silinda. Ipo 21700, nene na ndefu kidogo kuliko hiyo. Ipo pia 14500, yenye umbo sawa na betri ya rimoti, na hiyo nitairudia kwa sababu ina balaa lake.

Hapa mezani nina seli mbili za 18650 na mzani wa dukani, ule wa kupimia sukari ya kadogo. Seli ya kwanza ni ya kijani kibichi iliyopauka, haivutii hata kidogo, na imeandikwa 2600 mAh. Hizo ni miliampea-saa, yaani kipimo cha umeme inaoweza kuuhifadhi. Naiweka mzanini: gramu 46. Ya pili ni nyekundu, inang'aa, ina maandishi ya dhahabu, na imeandikwa 9900 mAh. Naiweka: gramu 27. Mzee wa mbele njoo uithibitishe mwenyewe, usije ukasema nimeshika kiinimacho.

Umeme wenyewe hauongezi uzito wa kuonekana mzanini. Lakini grafiti, shaba, alumini na ile oksidi vina uzito, na humo ndimo umeme unamokaa. Penye uwezo mwingi hapana budi pawe na vitu vingi. Seli halisi ya 18650 huwa na uzito wa gramu 45 hivi, pengine 43, pengine 49. Zilizo bora zinazopatikana kwa kawaida kwa ukubwa huo huhifadhi miliampea-saa 3500 au zaidi kidogo. Hii nyekundu inajigamba kuwa na karibu mara tatu ya hizo, ilhali uzito wake ni kama nusu. Tukipiga hesabu, ampea-saa 9.9 mara volti 3.7 ni wati-saa 36 na ushei, ndani ya gramu 27. Hiyo ni zaidi ya wati-saa 1300 kwa kila kilo, na seli nzuri za madukani hazifiki hata 300. Kama ingekuwa kweli, viwanda vya magari ya umeme vingekuwa vimepanga foleni mbele ya kile kibanda.

Mafundi waliozikata seli za namna hii wamekuta ndani kiseli kidogo cha bei ya chini, kimezungukwa na unga mweupe uliojazwa ili kopo lisitoe mlio likitikiswa. Msizikate nyinyi. Nimesema hivyo kwa sababu najua kuna kijana humu ambaye tayari anafikiria kisu.

Basi kanuni ya kwanza: kila duka la mtaa huu lina mzani wa kielektroniki. Muombe mwenye duka akupimie kabla hujatoa pesa. Chini ya gramu 40, mrudishie. Ikiandikwa juu ya 3600 mAh kwa ukubwa wa 18650, usiipime hata, maana aliyeiandika amekwisha kukudanganya jambo moja na huna sababu ya kumwamini katika mengine.

Uzito, hata hivyo, haukwambii umri. Seli iliyochoka ina gramu zilezile, na wapo wanaovua ganda la seli kuukuu na kuivika jipya linalong'aa. Hapo ndipo mita ya fundi inapoingia. Seli mpya huondoka kiwandani ikiwa imejazwa sehemu tu, kwa hiyo mpimishe muuzaji: ikisoma karibu na volti 3.5 au 3.6 ni dalili nzuri. Ikisoma chini ya 2.5, iache hapo hapo. Ukiisha kuinunua, ichaji mpaka ijae, mita isome volti 4.2, kisha ivue kwenye chaja na uiweke wiki nzima bila kuitumia. Nzuri itakuwa bado juu ya 4.1. Ikishuka mpaka 3.9 au chini ya hapo, kuna mahali ndani inavuja umeme, na huo umeme unaovuja unageuka joto.

Sasa nguvu. Wengi hununua tochi kwa kusoma lumeni, yaani kipimo cha mwanga, kwenye boksi. Nimeona boksi lililoandikwa lumeni 100,000, ndani yake tochi ya kutosha kiganjani. Taa nzuri ya LED hutoa lumeni 100 hadi 150 kwa kila wati moja. Hizo laki moja zingehitaji wati mia sita au zaidi, na seli moja ya 18650, hata iwe bora namna gani, haiwezi kutoa robo yake. Hesabu ya kweli ni rahisi. Seli ya 2600 mAh ina wati-saa 9 hivi. Tochi ya wati 3 itawaka nayo saa tatu, ikitoa lumeni 300, na mwanga huo unatosha kumwona mtu aliye upande wa pili wa ua na kumfanya ajue ameonekana. Mlinzi anayeizima na kuiwasha anapozunguka ataimaliza zamu yake kwa seli hiyo moja.

Kuna jambo ambalo hata mafundi hulichanganya, nalo ni kiasi na kasi. Mtungi wa lita ishirini wenye mdomo mwembamba una maji mengi, lakini hauwezi kujaza karai upesi. Seli nazo ndivyo zilivyo. Panasonic NCR18650B huhifadhi karibu 3400 mAh, ila haipendi kuvutwa zaidi ya ampea 5 hivi kwa mfululizo. Samsung 25R huhifadhi 2500 tu, lakini hutoa ampea 20 bila kulalamika. Ya pili ilitengenezwa kwa ajili ya vifaa kama drili. Tochi ndogo ya seli moja huvuta ampea 1, ikizidi sana 3. Kwa hiyo zote mbili zinafaa, na hakuna haja ya kulipia ampea 20 ili kumulika njia ya chooni.

Jina la kiwanda lina maana hapa. Seli za kutegemewa hutoka kwa wachache: Samsung, LG, Panasonic, Murata ambayo ilichukua biashara ya betri ya Sony mwaka 2017, na Molicel ya Taiwani. Lakini wenye viwanda hivyo wenyewe wanasema seli zao si za kuuzwa moja moja kwa mtumiaji. Huuzwa kwa wanaounda betri za laptopu na drili, ambao huzifungia ndani ya pakiti yenye ulinzi. Januari 2021 tume ya Marekani inayosimamia usalama wa bidhaa ilitoa onyo kwa umma kuhusu seli za 18650 zinazouzwa zikiwa peke yake, ikitaja moto na majeraha. Kwa hiyo mnaponunua seli tupu mnafanya jambo ambalo mtengenezaji hakulikusudia. Silikatazi, maana tochi zetu zimeundwa hivyo, ila nataka mjue ni nani amebaki na jukumu la ulinzi. Ni nyinyi.

Ndiyo sababu nawashauri mnunue seli yenye bamba la ulinzi. Ni kisahani chembamba chenye elektroniki, kimeshikizwa kwenye kitako cha seli chini ya ganda. Hukata umeme seli ikichajiwa kupita kiasi, ikitumiwa hadi ikakauka, au ikipata shoti. Utaitambua kwa urefu: badala ya milimita 65 hufika 68 au 70. Kuna tochi zisizoweza kuipokea kwa sababu hiyo, na nimeshuhudia watu wakilibandua bamba ili seli iingie. Ukilibandua umetupa kile ulichokilipia. Badilisha tochi.

Tochi za bei ya chini hazina cha kukwambia seli imeisha. Mwanga hufifia, mtu huisahau imewaka, na seli huteremka hadi volti 2, hadi 1. Ikifika huko, shaba iliyo ndani huanza kuyeyuka na kuingia kwenye kimiminika. Siku ukiichaji tena, shaba hiyo huganda mahali pasipofaa na inaweza kuutoboa ule utando. Seli nyingi husemekana zimelipuka bila sababu. Sababu ilikuwako, ila ilianza wiki mbili nyuma, kwenye tochi iliyosahauliwa chini ya kitanda.

Sogeeni karibu mwone kitu kimoja. Hapa juu, pande zote za kichuchu cha chanya, kuna duara jeupe la karatasi, jembamba sana. Nje ya duara hilo, kopo lote, kuanzia kitako mpaka ukingo huu wa juu, ni hasi. Kinachotenganisha chanya na hasi hapa juu ni ile karatasi na ganda la plastiki lenye unene wa ngozi ya kitunguu. Ganda likichubuka hapa ukingoni, kipande chochote cha chuma kitakachogusa pande zote mbili huleta shoti. Sasa fikirini mfuko wa koti la mtu wa boda: funguo, sarafu, kifuniko cha chupa ya soda, na seli ya akiba. Nunua kikasha cha plastiki, au uitie kwenye soksi ya mtoto. Ganda likichanika, fundi analo jipya la kuvika, ni kazi ya dakika mbili.

Ile 14500 niliyoiahidi, basi. Ina umbo na ukubwa wa betri ya rimoti, lakini betri ya rimoti ina volti 1.5 na hii ikijaa ina 4.2. Ukiweka mbili kwenye redio inayotaka volti 3, umeipelekea zaidi ya 8. Mtoto hajui tofauti, na hata mama mwenye haraka jikoni hajui. Nyumba yenye watoto isiwe na 14500 imelala kwenye droo moja na betri za saa ya ukutani. Kwa tochi ya mtoto anayesomea chini ya blanketi, chukueni betri za nikeli za kuchajiwa, zile za volti 1.2. Nguvu yake ni ndogo, lakini ukorofi wake ni mdogo zaidi.

Epukeni pia tochi inayotaka seli mbili zikifuatana. Seli mbili hazichoki kwa kasi moja. Iliyo dhaifu huisha kwanza, na ile yenye nguvu huendelea kusukuma umeme ndani yake kinyumenyume. Yote haya hutokea ndani ya bomba la alumini lililofungwa kwa mpira usiopitisha maji. Gesi ikitoka haina pa kwenda. Mnajua bomba lililofungwa pande zote mbili likijaa gesi huwa ni nini.

Nisemeje kuhusu seli za laptopu? Najua hili ndilo lililowaleta mafundi. Pakiti ya laptopu iliyokufa mara nyingi ina seli sita, zimepangwa jozi tatu. Jozi moja ikichoka, pakiti nzima hukataa kazi, na seli nne zilizobaki huenda zikawa bado na nusu ya uwezo wake au zaidi. Seli hizo huishia kwenye vibanda na meza za mafundi, huvikwa ganda jipya, na kuingia kwenye tochi. Sioni haya kusema kwamba seli kuukuu ya kiwanda kinachojulikana ni bora mara nyingi kuliko ile nyekundu mpya ya gramu 27. Ilitengenezwa vizuri, na ina utando wa kweli.

Lakini fundi, uza kwa ukweli. Iliyokutwa chini ya volti 2 itupe, usiifufue kwa umeme wa kushtua, kwa sababu ya ile shaba niliyoitaja. Iliyobonyea au yenye alama ya kutu kichwani, itupe. Inayopata joto mkononi ikichajiwa kwa ampea moja, itupe. Zilizobaki zijaze, ziache wiki, pima tena, kisha andika uwezo uliouona kwa kalamu juu ya ganda. Anayenunua seli iliyoandikwa "1500, imetumika" ameheshimiwa. Na usipake solda moja kwa moja kwenye kitako cha seli; joto la pasi ya solda hupenya hadi kwenye utando. Tumia zile zenye masikio yaliyochomelewa, au kikasha cha springi.

Wengi wenu mnatumia vile vibao vidogo vya kuchajia vyenye chipu ya TP4056. Ni vizuri, vinasimama kwenye volti 4.2 vyenyewe. Ila vinakuja vimewekwa ampea moja kwa rezista ya kiloohmu 1.2. Kwa 18650 ni sawa. Kwa 14500 yenye 800 mAh ni kuinyanyasa. Weka rezista ya kiloohmu 3, mkondo utashuka hadi miliampea 400 hivi. Kwa seli za lithiamu zenye madini ya chuma na fosfeti, za volti 3.2, kibao hicho hakifai kabisa, maana hizo hutakiwa kukoma kwenye 3.65. Aina hiyo, nisisahau, ndiyo tulivu kuliko seli nyingine za lithiamu nilizozitaja. Utando wake ukiharibika joto lake hupanda taratibu zaidi, na huvumilia kuchajiwa mara nyingi mno. Zimo ndani ya taa nyingi nzuri za sola. Uwezo wake ni mdogo kwa ukubwa uleule, basi. Kama utapata tochi iliyoundwa kwa ajili yake, ichukue bila kusitasita.

Tofautisheni hizo na zile tochi zenye plagi inayochomolewa ubavuni na kuchomekwa ukutani moja kwa moja. Nyingi zake zina betri ya risasi na asidi, na ndani yake umeme wa volti 240 hupunguzwa kwa kapasita tu, bila transfoma ya kuutenga. Ukiifungua ikiwa ukutani unagusa stima ya Kenya Power yenyewe.

Tuje nyumbani. Nyumba nyingi za mitaa hii ni chumba kimoja, mlango mmoja. Soketi ni moja au mbili, na ekstensheni hupita nyuma ya kochi. Mchana hakuna mtu, kwa hiyo kila kitu huchajiwa usiku watu wakiwa wamelala: simu, tochi, spika, vyote juu ya godoro au juu ya kiti cha kitambaa, mara nyingi pale karibu na mlango kwa sababu ndipo soketi ilipo. Mpangilio huo ndio ninaouogopa kuliko seli mbovu. Seli ikiwaka karibu na mlango, moto unakaa kati yako na njia pekee ya kutoka, nawe unaamka chumba kimejaa moshi wenye sumu.

Chajini mkiwa macho. Saa moja jioni hadi saa nne, wakati chakula kinapikwa na habari zinasikilizwa, zinatosha kujaza, au kukaribia kujaza, 18650 kwa chaja ya ampea moja. Wekeni chaja kwenye sakafu ya simiti, mbali na pazia, ndani kabisa mkabala na mlango, hata kama itabidi ekstensheni ihamishwe. Sufuria kuukuu ya alumini yenye mchanga chini ni mahali pazuri. Ikiisha kujaa, ivueni. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023, stima ilipopotea karibu nchi nzima, nina hakika kila mtu alitamani angekuwa amejaza tochi yake mapema. Lakini tamaa hiyo isiwafanye mziache kwenye chaja siku saba mfululizo. Ya akiba ihifadhiwe ikiwa nusu, karibu volti 3.7, nayo itakungoja miezi.

Na ikiwaka? Ukisikia mlio wa kufoka au harufu tamu kama ya rangi ya kucha, usiishike. Toa watu kwanza. Kama ni seli moja na una ndoo ya maji karibu, imwagie maji mengi, maana maji huipoza. Mchanga huzuia cheche, haupozi sana. Zima stima kwenye swichi kuu kabla ya kumwaga, ikiwa ilikuwa kwenye chaja. Moshi wake usiuvute, una gesi inayochoma mapafu.

Mtauliza serikali iko wapi. Shirika la Viwango lipo, na Mamlaka ya Kupambana na Bidhaa Bandia ipo kwa mujibu wa sheria ya mwaka 2008. Mwishoni mwa Septemba 2012 Tume ya Mawasiliano ilizizima simu feki zote kwa mpigo, na iliweza kwa sababu kila simu ina namba inayojitangaza kwenye mtandao. Betri haina namba ya namna hiyo. Hakuna atakayeizima kutoka mbali. Afisa anaweza kukamata kontena bandarini, na akifanya hivyo tumshukuru, lakini ile iliyokwisha kufika kibandani itakamatwa na mzani wa duka tu.

Mkiniuliza mnunue nini, jibu langu ni hili. Kwa mlinzi na mtu wa boda: tochi ya seli moja ya 18650, yenye tundu la kuchajia la USB ndani yake, kutoka kwa duka linalotoa risiti, na seli ya akiba yenye bamba la ulinzi ndani ya kikasha. Kwa mama mboga anayefunga kibanda saa nne usiku: taa ya sola yenye dhamana ya maandishi. Kwa mtoto: nikeli. Anayetaka kumulika hadi mtaa wa Maringo akiwa Mbotela, huyo anatafuta sifa, na sina betri ya kumuuzia.

Limebaki moja. Seli zilizokufa msizitupe kwenye takataka. Lori la takataka huzibana, kwenye jaa la Dandora huchomwa, na wanaookota kule ni watoto wa majirani zetu. Kituo cha WEEE kilichoko Utawala hupokea taka za elektroniki, na kikundi cha vijana wa hapa kimekubali kuzikusanya na kuzipeleka. Wiki ijayo, siku na saa kama hii, kutakuwa na ndoo ya bati mlangoni. Leteni kila betri iliyovimba, iliyochubuka au iliyokataa kuchajika, na kabla hamjaitoa nyumbani bandikeni tepu ya fundi stima pande zake zote mbili.